Posho na Bahashishi: Chakula cha Mbwa katika Ufuko wa Ziwa Tanganyika

Wanaoandika historia ya Ujiji hutaja pembe na watumwa, chumvi ya Uvinza na mawese ya ufukoni, masultani na maliwali, wamisionari na wasafiri. Mbwa hatajwi ila kwa nadra, na akitajwa, hutajwa kwa kubweka kwake au kwa kufa kwake; chakula chake ni kama hakikuwapo. Walakini kila kiumbe alaye karibu na binadamu hula kwa mapatano fulani, yaliyosemwa au yasiyosemwa, na mwenye kuyachungua mapatano hayo hujifunza mengi juu ya mwenye nyumba kuliko juu ya mnyama.

Siku hizi desturi ya kumtengenezea mbwa vitafunio nyumbani imeenea katika nchi nyingi, nayo imeingia katika baadhi ya nyumba za miji yetu pia. Wako wanaoipenda, kwa kuwa chakula kilichopikwa nyumbani hujulikana kilichomo ndani yake. Wako wanaoichukia, nao husema: mbwa apikiwe biskuti, na mtoto wa jirani alale na njaa? Swali hilo ni zito, na halifai kujibiwa kwa kicheko. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba swali hilo lina historia ndefu katika ufuko wa Kigoma na Ujiji, na kwamba historia hiyo inatupa kipimo cha kulijibu.

Yafaa kwanza tutenge maneno mawili. Posho ni chakula cha haki, kipimwacho kila siku kwa ajili ya kazi. Bahashishi ni tunu, kitolewacho kwa hiari juu ya haki. Katika siku za misafara mpagazi alikuwa na posho yake, nayo ilihesabiwa kwa kibaba cha nafaka, au kwa nguo na shanga ili akajinunulie chakula njiani. Mbwa aliyefuata msafara hakuwa na kibaba. Alilinda kambi usiku, akala kilichobaki chunguni asubuhi. Kazi yake ilikuwa ya kila siku, lakini malipo yake yalikuwa ya bahati. Vitafunio tunavyovizungumza leo ni bahashishi. Basi kabla ya kuuliza kama mbwa astahili bahashishi, yatupasa tuulize kama amekwisha pata posho.

Burton na Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari mwaka 1858. Burton aliandika kwa urefu juu ya soko la mahali hapo na samaki wa ziwa, na dagaa hawakumpita. Baada yao walikuja wasafiri waliofuatana na mbwa wao wenyewe. Livingstone, kabla hajafika Ujiji mwezi wa Machi mwaka 1869, alikuwa na mbwa mdogo mwenye manyoya aitwaye Chitane. Mbwa huyo alizama majini mwezi wa Januari mwaka 1867 walipokuwa wakivuka kinamasi, na bwana wake alimwandikia maneno ya huzuni katika kitabu chake cha siku. Stanley, katika safari yake ya kwanza ya mwaka 1871, alipoteza mbwa wake wa ulinzi katika matope ya Makata, kwa ugonjwa wa tumbo, hata nusu ya njia hajaimaliza. Katika safari ya pili, iliyoanza mwaka 1874, alichukua mbwa watano kutoka Uingereza, na watatu kati yao walitoka katika makao ya mbwa waliopotea huko Battersea, London. Wa mwisho wao, aitwaye Bull, alikufa njiani mwaka 1876, kabla bwana wake hajaliona tena soko la Ujiji mwezi wa Mei. Wahenga wamesema, mbwa hafi maji akiona ufuko. Maskini hao hawakuuona.

Mbwa wa kienyeji waliishi. Waliishi kwa sababu walizaliwa katika jua lile na maradhi yale, na kwa sababu walijua kula kilichopo: maganda ya ugali, matumbo ya samaki, na dagaa walioanguka kutoka katika kapu. Msafiri mgeni alimwandikia mbwa wake maneno mazuri. Mwenyeji hakuandika neno, lakini mbwa wake alizaa na kuzeeka. Hapo twaona jambo la kwanza la historia hii, yaani kwamba upendo na ulishaji si kitu kimoja.

Ujiji ni mji wa Kiislamu tangu zamani za biashara ya misafara, na hapana budi kutazama sheria ilivyoyapanga mapatano ya mbwa na nyumba. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Watu wengine wamedhani ya kuwa hukumu hiyo ni amri ya kumchukia mbwa. Sivyo. Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Maida, huhalalisha windo lililokamatwa na mbwa waliofunzwa, na katika sura ya Al-Kahf mbwa amelala kizingitini mwa pango pamoja na watu wema. Tena katika hadithi za Mtume imo habari ya mtu aliyemtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Hukumu ya najisi huweka mpaka wa vyombo. Haikuweka mpaka wa huruma. Ndiyo maana mbwa hupewa kigae chake mwenyewe, nje ya jiko, na mwenye kumtilia chakula humo hana hatia. Mwenye kutaka kumtengenezea mbwa vitafunio leo, kama ni Mwislamu, hana haja ya kuacha dini yake. Yampasa kumpa katika kigae na kuuosha mkono wake kwa kadiri ya sheria.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa maana biskuti ya mbwa haikuanza kwetu. Katika miaka ile ile Burton alipokuwa akiandika habari za Ujiji, Mmarekani mmoja, James Spratt, alikuja London kufanya biashara. Inasimuliwa kwamba aliona mbwa wa bandarini wakigombea biskuti ngumu zilizotupwa na mabaharia, akapata wazo la kuoka biskuti za mbwa kwa unga wa ngano, mboga na nyama. Karibu na mwaka 1860 alianza kuziuza. Twaona, basi, kwamba biskuti ya kwanza ya mbwa iliyouzwa madukani ilizaliwa katika makombo: ilikuwa chakula cha mabaharia kilichokwisha kataliwa na mabaharia. Kijana mmoja aliyefanya kazi katika biashara hiyo, Charles Cruft, ndiye aliyeanzisha maonyesho makubwa ya mbwa mjini London mwaka 1891, na maonyesho hayo yanaitwa kwa jina lake hata leo.

Yako mambo ya kushangaza katika habari hiyo. Mwaka 1895 mbwa wawili kutoka Afrika waliletwa katika maonyesho ya Cruft, wakafa upesi kwa maradhi. Mnamo mwaka 1937 mbwa wa aina ile ile, kutoka misitu ya Kongo, magharibi ya ziwa letu, walionyeshwa tena na kusifiwa sana. Waliitwa basenji, jina ambalo kila msemaji wa Kiswahili aweza kuusikia ujamaa wake na neno washenzi. Mbwa aliyedharauliwa kwao akiitwa mbwa shenzi, alipewa huko mto wa kulalia na biskuti mkononi mwa bibi. Hakubadilika mbwa, yalibadilika mapatano.

Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na pamoja na reli walikuja maofisa wa serikali, kwanza wa Wadachi, kisha wa Waingereza. Maofisa wengi walifuga mbwa, na katika nyumba zao mpishi alipewa kazi ya kupika sufuria mbili: moja ya bwana, na moja ya mbwa wa bwana, yenye uji wa mahindi na vipande vya nyama. Mpishi huyo aliporudi kwake jioni aliweza kukuta watoto wamekula muhogo mtupu. Uchungu wa jambo hilo haukusahauliwa, na hapana shaka kwamba sehemu ya chuki ya leo juu ya biskuti za mbwa ina mizizi yake hapo. Aliyeona nyama ikipita mbele ya mwanawe kwenda kwa mbwa hawezi kuambiwa kwamba hayo ni mambo madogo. Lakini tuangalie vema kosa lilikuwa wapi. Kosa halikuwa mbwa kula. Kosa lilikuwa mshahara wa mpishi. Aliyepunja posho ya mtu ndiye aliyefanya posho ya mbwa ionekane kuwa tusi.

Wakati huo huo, katika nchi za mbali, mbwa alianza kutoa ushahidi juu ya chakula cha binadamu. Huko London, mwaka 1918 na 1919, Edward Mellanby alilea watoto wa mbwa ndani ya nyumba kwa vyakula vya nafaka na maziwa kidogo, wakapata matege kama wayapatayo watoto wa maskini. Alipowapa mafuta ya ini la samaki, matege hayakuja. Kutokana na majaribio hayo, na ya McCollum wa Marekani mwaka 1922, dunia iliijua vitamini D. Tena baadaye iligunduliwa kwamba ngozi ya mbwa, tofauti na ngozi ya mtu, haiwezi kutengeneza vitamini hiyo ya kutosha kwa kuota jua. Basi mbwa wa Ujiji, ajapolala juani kutwa, hapati faida ile apatayo mtoto achezaye ufukoni. Yeye lazima aipate katika chakula, na samaki ni mlango wake mwema.

Vivyo hivyo huko Marekani ya kusini, ambako maskini walikula mahindi siku zote, ulienea ugonjwa wa pelagra. Daktari Joseph Goldberger alionyesha kwamba ugonjwa ule haukuwa wa kuambukizana, bali wa chakula. Mbwa waliolishwa chakula cha mahindi namna ile walipatwa na ugonjwa uitwao ulimi mweusi. Na mwaka 1937 Conrad Elvehjem aliwaponya mbwa hao kwa dawa iliyokuja kujulikana kuwa moja ya vitamini B, na dawa hiyo ikawaponya watu pia. Haya yanatuhusu sana. Mbwa wengi wa nchi yetu hulishwa ugali mtupu, na mwenye mbwa hudhani ya kuwa amemshibisha. Amemjaza, hakumlisha.

Ushahidi wa tatu ni wa kuogofya zaidi. Katika miaka ya 1950 mbwa wa Marekani ya kusini walikufa kwa ugonjwa wa ini ambao haukujulikana sababu yake. Mwaka 1960 bata mzinga wengi walikufa huko Uingereza kwa kulishwa karanga zilizoota kuvu, na hapo ndipo sumukuvu ilipogunduliwa. Kisha ilidhihirika kwamba ndiyo iliyowaua mbwa wale. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo, katika mahindi, iliua watu 125 huko Kenya. Kwa hiyo desturi ya kusema kwamba mahindi yaliyooza, yasiyofaa kwa watu, apewe mbwa, ni desturi ya kuachwa kabisa. Makombo ni kitu kimoja, na uozo ni kitu kingine. Makombo ni chakula kizuri kilichobaki. Uozo si chakula cha yeyote.

Tumefika sasa katika dagaa, mfalme mdogo wa ziwa letu. Dagaa wa Kigoma wamevuliwa tangu zamani usiku wa giza, kwa moto uliowavuta juu ya maji. Zamani kwa mienge na nyavu za mkono, na tangu miaka ya 1950 kwa taa za karabai na nyavu kubwa zaidi, na leo kwa taa za umeme wa jua. Mbalamwezi ikiwa kubwa, wavuvi hupumzika. Asubuhi samaki huanikwa juu ya mchanga au juu ya chanja, na jua likiwa kali hukauka kwa siku moja, aghalabu pasipo chumvi. Kwa sababu huliwa wazima, na mifupa yao laini imo ndani, huleta nguvu ya nyama na chokaa ya mifupa kwa pamoja. Reli iliwachukua mpaka Tabora, Dodoma na Dar es Salaam, na jina la Kigoma likajulikana jikoni kwa watu wasiopata kuliona ziwa.

Lakini mfalme huyo amedhoofika. Mwaka 2003 wataalamu wakiongozwa na Catherine O'Reilly walionyesha katika jarida la Nature kwamba maji ya ziwa yamepata joto, na ya kwamba viumbe vidogo ambavyo ni msingi wa chakula cha samaki vimepungua kwa kiasi cha asilimia 20, jambo liwezalo kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Wavuvi nao wameongezeka. Nchi nne zenye ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha, na Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti mwaka 2024. Miezi mitatu hiyo iliwafundisha wengi kwamba dagaa si mchanga wa ufukoni, usiokwisha.

Hapo ndipo swali letu linapokuwa na makali. Ikiwa dagaa ni haba, je, ni haki kumsagia mbwa? Jibu langu ni kwamba haki imo katika kuchagua sehemu. Katika kila mwalo, uwe Kibirizi au Katonga, ziko chenga za dagaa: vichwa vilivyokatika, samaki waliovunjika, vumbi libakilo chini ya gunia, na katika samaki wakubwa kama migebuka, vichwa na mapezi. Baadhi yake hununuliwa kwa chakula cha kuku. Chenga hizo, zikiwa kavu na safi, hazimnyang'anyi mtu kitoweo. Kuzigeuza kuwa kitafunio ni kufanya kwa akili kile alichokifanya mbwa wa Ujiji wa mwaka 1858 kwa pua yake.

Namna ya kutengeneza ni rahisi. Chenga za dagaa husafishwa kwanza kwa maji mara mbili au tatu mpaka mchanga utoke, maana mchanga huumiza meno na tumbo. Kisha hukaushwa katika kikaango kisicho na mafuta, na kutwangwa. Kikombe kimoja cha unga huo huchanganywa na vikombe viwili vya viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa, yai moja, na unga mzuri wa mahindi wa kutosha kuufanya mchanganyiko ushikane, kama kikombe kimoja na nusu. Hausukumwi kwa mafuta. Hukatwa vipande vidogo vya ukubwa wa kidole gumba, vikaokwa katika sufuria kwa moto wa juu na chini, makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko, mpaka vikauke na kuwa vigumu. Vikipoa huwekwa katika kopo kavu. Masika hukaguliwa kila siku, na kikiota kuvu hata kimoja, vyote hutupwa.

Zipo pia haramu za mbwa, ambazo si za dini bali za mwili. Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu yake. Chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na kadhalika sukari ya zailitoli itiwayo katika peremende za siku hizi. Chumvi isitiwe. Muhogo mchungu usiolowekwa usitumike, kwa kuwa una sumu kwa mbwa kama kwa mtu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali. Na samaki wabichi wasipendelewe: katika miaka ya 1930, huko Minnesota, mbweha waliofugwa na kulishwa samaki wabichi walipooza, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1, moto huondoa madhara hayo.

Mwisho wa yote ni kipimo. Waganga wa wanyama hushauri kwamba vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Kwa lugha yetu ya misafara, bahashishi isizidi fungu la kumi la posho. Mwenye kumpa mbwa wake biskuti mbele ya wageni, na usiku akamwacha apekue jalala, hakumfadhili, amejipamba mwenyewe. Na mbwa wa jalalani si hasara yake peke yake. Mbwa alishwaye nyumbani hurudi nyumbani, na arudiye nyumbani hushikika siku ya chanjo. Azururaye hukutana na kichaa cha mbwa, akakileta kwa watoto wa mtaa mzima. Wataalamu wa afya hutaka mbwa saba katika kila kumi wachanjwe ili ugonjwa huo ukomeshwe, na haifai kutarajia hivyo mahali ambapo mbwa hawana kigae kinachowaita.

Basi wanaouliza kama mbwa apikiwe hali mtoto wa jirani ana njaa, wameuliza vema, na historia huwajibu hivi. Mtoto kwanza, kwa kitoweo kizima. Hilo halina mjadala. Kisha posho ya mbwa, katika makombo safi, kwa sababu amefanya kazi. Kisha bahashishi, kwa chenga zilizobaki chini ya gunia. Nyumba iliyoushika utaratibu huo haina la kuona haya, wala mbele ya jirani wala mbele ya mbwa.